TUSIDANGANYWE NA SIFA ZA BUNGE LA ZAMANI

Wandugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wote wa miji na wa makambi,

Kuna maneno yanayozunguka kati yetu. Yanasemwa penye bia, yanasemwa sokoni, yanasemwa hata na vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa bado. Maneno yenyewe ni haya: zamani Katanga ilikuwa na bunge lake lenyewe, na bendera yake, na feza yake. Wabunge wa wakati ule walijua kazi. Laiti tungepata tena bunge kama lile!

Sisi tunasema: ngojeni kwanza. Anayetaka kutuuzia nyumba ya zamani, afungue mlango tuone ndani. Bunge la Jimbo la Katanga lilichaguliwa katika Mei 1960, na utawala lililoutumikia, utawala wa Moïse Tshombe, ukaisha katika Januari 1963. Ni muhula mmoja tu, haukufika hata miaka 3. Mambo yake yanajulikana na tarehe zake zinajulikana. Basi tuyapime bila hasira, bila kutukana wafu, na bila kuamsha ugomvi wa kabila na kabila. Swali letu ni moja tu: bunge lile lilikuwa la nani?

NAMNA LILIVYOZALIWA

Sheria iliyoweka mabunge ya majimbo iliandikwa Ubelgiji. Ilitoka tarehe 19 Mei 1960, ikaitwa Loi fondamentale, maana yake Sheria ya Msingi. Kongo ilikuwa na majimbo 6. Kila jimbo lilipewa bunge, na bunge lilipewa kazi ya kuchagua serikali ya jimbo pamoja na mkubwa wake. Katanga ilipewa viti 60 vya kupigiwa kura na watu. Lakini waliopiga kura ni wanaume tu. Mama zetu, waliolima, waliochuuza, waliolea watoto wa makambi, hawakuulizwa neno. Tuliandike hilo juu kabisa ya ukurasa, kwa maana wa kwanza kukosekana katika bunge lile walikuwa wanawake wote wa inchi.

Kura zikahesabiwa. Chama cha Conakat, cha Tshombe na Godefroid Munongo, kikapata viti 25. Tazameni vizuri: 25 katika 60. Haikuwa nusu. Upande wa pili ulisimama muungano wa Balubakat ya Jason Sendwe, pamoja na Fedeka ya watu waliotoka Kasai, na Atcar ya Watshokwe. Muungano huo ukapata viti zaidi ya 20. Vilivyobaki vilikwenda kwa watu wasio na chama na kwa vyama vidogo.

Kwa nini jimbo liligawanyika hivyo? Katika Desemba 1957 watu wa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, walipiga kura ya komini kwa mara ya kwanza, na watu waliotoka Kasai wakashika viti vikubwa. Wengine wa kusini wakaona hofu. Katika Oktoba 1958 Conakat ikaundwa ili kuwatetea wale ilioita wenyeji wa kweli.

Sisi wa migodi tunajua uzito wa neno hilo. Union Minière, sosiete iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijaza makambi yake na watu wa Lomami, wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, wa Rhodesia ya Kaskazini. Walikula posho moja, walivuta vumbi moja, walizikwa katika makaburi mamoja. Ndani ya shimo hakuna anayemuuliza mwenzake babu yake alizaliwa wapi, kwa maana jiwe likianguka halichagui. Ila katika kura za 1960 swali hilo liliingia, likakaa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wasifu wa bunge la zamani hawalisemi. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawe ndani ya nyumba, ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Haikuwekwa bure. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika jimbo lenye pande mbili zinazokaribiana kwa nguvu, sheria ile ililazimisha upande mmoja kumtafuta mwenzake, kukaa naye, kumpa sehemu yake, na kupokea sehemu yake. Wabunge wa Balubakat na rafiki zao walipoona wanataka kuwekwa kando, wakakataa kuingia. Viti vikabaki vitupu. Serikali haikuweza kuchaguliwa.

Hapo palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kwenda kumwita ndugu aliyekaa nje, na kuongea naye mpaka jua lizame, na kesho yake kuanza tena. Njia ya pili ilikuwa kubadili sheria ili ndugu aliye nje asihitajiwe tena. Njia ya pili ndiyo iliyofuatwa. Katikati ya Juni 1960, wiki 2 mbele ya uhuru, sheria ikabadilishwa kule Brussels, na waliokuwepo wakaambiwa: ninyi mnatosha. Mara moja serikali ya Conakat na rafiki zake ikasimama, na Tshombe akawa mkubwa wake.

Fikirini jambo hilo. Mbelgiji alikuwa akifunga masanduku yake ili arudi kwake. Bado siku 14 tu. Na katika siku hizo za mwisho, mkono wake ndio ulioandika hesabu mpya ya bunge la Katanga. Leo tunaambiwa kwamba bunge hilo lilikuwa la Wakatanga kweli kweli!

Sisi tunaofanya kazi ya ukarani tunaijua kazi ya kuita majina. Asubuhi karani anaita. Aliyepo anaandikwa yupo, asiyekuwepo anaandikwa hayupo. Kama watu 20 wa zamu hawakufika, karani hawezi kufuta majina yao katika daftari halafu amwambie mkubwa kwamba zamu imetimia. Akifanya hivyo anafukuzwa siku ileile, na ni haki afukuzwe, kwa maana siku ya ajali hakuna atakayejua nani alikuwa chini na nani alikuwa juu. Basi jambo ambalo karani mdogo hawezi kulifanya katika daftari la zamu, wakubwa walilifanya katika daftari la jimbo zima.

LAKINI HAO WALITOKA WENYEWE!

Tunasikia mtu anatujibu: wabunge wa Sendwe walitoka wenyewe. Mtu aliyeacha kiti chake, analalamikia nini?

Jibu hili si la kudharauliwa. Hatusemi kwamba upande wa Sendwe haukukosa kitu. Mtu aliyechaguliwa ili akae kitini, mahali pake ni kitini. Wananchi wa Manono na wa Kabalo hawakumtuma mbunge wao asimame barabarani. Lakini tuchague vizuri maneno yetu. Kutoka nje kulikuwa kosa la siasa, au hila ya siasa, mwite unavyotaka, sheria iliruhusu. Wenzetu wa migodi wanajua maana yake. Mtu anayeweka nyundo chini hajasema kwamba hataki kazi tena. Amesema kwamba anataka kusikilizwa mbele ya kazi kuendelea. Mkubwa mwenye akili anamwita wanaongea. Mkubwa asiye na akili anaandika wengine mahali pake, kisha anasema amani imerudi.

Na amani haikurudi. Hilo ndilo jibu letu la mwisho kwa neno hilo. Kama kubadili hesabu kungeleta amani, tungenyamaza. Kulileta moto.

BUNGE LA KUFUATA NYUMA

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, Tshombe alitangaza kwa radio kwamba Katanga imejitenga. Tunawauliza wasifu: jambo kubwa kuliko yote ambayo jimbo linaweza kufanya, jambo la kukata inchi vipande, lilianzia wapi? Je, lilianzia katika bunge? Hapana. Lilianzia kwa wakubwa wa serikali, likapita kwa radio, na bunge likaja nyuma kulikubali. Askari wa Ubelgiji walikuwa tayari mjini. Mwanzoni mwa Agosti 1960 bunge likapitisha katiba ya Inchi ya Katanga, na tarehe 8 Agosti likamchagua Tshombe kuwa rais. Mambo ya namna hiyo, ambayo inchi nyingine zinayajadili miezi na miaka, hapa yalikwisha katika wiki 4.

Haraka hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika viti vitupu. Pasipo mpinzani kazi inakwenda mbio, kama gari lisilo na breki kwenye mteremko. Kiti cha bunge kilishikwa na Charles Mutaka wa Dilomba, mtu wa Conakat. Serikali ilikuwa ya Conakat. Mambo ya ndani, pamoja na polisi, yalikuwa mikononi mwa Munongo, mtu wa Conakat. Chama kilichopata viti 25 katika 60 kilishika rungu, kalamu na ufunguo. Hatusemi kila mtu wa chama hicho alikuwa mbaya. Tunasema kwamba hata mtu mzuri, akiachwa peke yake chumbani na sanduku la feza na hakuna wa kumuuliza, uzuri wake unajaribiwa sana.

Na sanduku la feza lilikuwa kubwa. Mwaka 1960 Union Minière ilitoa shaba karibu tani 300,000. Kodi na haki zilizokuwa zikienda Leopoldville, sasa zilikwenda kwa serikali ya Tshombe. Tangu Januari 1961 tuliona franka ya Katanga. Bendera ilikuwa na misalaba 3 ya shaba. Watu walifurahi kuona shaba kwenye bendera. Lakini shaba ya kwenye bendera haijazi sufuria. Kazi ya bunge ni kuuliza: shaba ya kwenye mabehewa imekwenda wapi?

Ilikwenda pakubwa katika vita. Ililipa askari wa gendarmerie na mabwana wao Wabelgiji. Ililipa askari wa kukodishwa kutoka Ubelgiji, Ufaransa, Afrika ya Kusini, Rhodesia na Uingereza, wale ambao Wazungu wenyewe waliwaita affreux, maana yake watu wa kutisha. Ilinunua ndege za vita 3 za Fouga Magister mwaka 1961. Mchimbaji aliposhuka chini na taa yake, hakujua kwamba jasho lake linapanda juu na kuwa risasi, na kwamba risasi hiyo inakwenda kaskazini, katika kijiji cha mama yake.

WALE AMBAO HAWAKUWEPO

Sasa tuwatazame hao ambao majina yao yalifutwa katika daftari.

Kaskazini ya jimbo haikukubali kujitenga. Tangu mwaka 1960 gendarmerie ilipelekwa huko kuwanyamazisha watu, na vijiji vikachomwa. Vijana wa Balubakat nao wakashika silaha, wakaua, na damu ikajibu damu. Katika Januari 1961 watu wa kaskazini walitangaza jimbo lao la Lualaba kule Manono, pamoja na askari waliotoka Stanleyville, na Prosper Mwamba-Ilunga akawa mkubwa wake. Hivyo bunge la Elisabethville lilijiita bunge la Katanga nzima, na nusu ya Katanga ilikuwa na serikali nyingine. Hiyo ndiyo faida ya kubadili hesabu ya waliohudhuria: mtu uliyemfungia mlango hakuacha kuwa na nyumba, alijenga ya kwake, na kati ya nyumba mbili mkachimba kaburi.

Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville kwa ndege wakiwa wamefungwa na kupigwa. Usiku uleule waliuawa. Tarehe 13 Februari, waziri Munongo aliwaambia waandishi wa habari kwamba watatu hao walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Hayo yalikuwa uongo, na ulimwengu mzima ulijua ni uongo. Waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyechaguliwa na bunge la inchi, aliuawa katika udongo wa Katanga, na waziri wa Katanga akasema uongo mbele ya watu. Uchunguzi wa bunge juu ya kifo hicho ulifanyika wapi? Ulifanyika Brussels, ukatoa ripoti yake mwaka 2001, miaka 40 baadaye. Jino moja la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa Kongo katika Juni 2022. Bunge ambalo haliwezi kumwambia waziri wake, njoo hapa utueleze watu watatu hawa wamekufa namna gani, hilo si bunge. Ni makofi tu.

Na katika mji wenyewe? Mwishoni mwa Agosti 1961, watu wa Kasai na Baluba wa kaskazini waliogopa kukamatwa usiku, wakakimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Makumi ya maelfu ya watu walilala chini ya magunia na mabati pembeni ya Elisabethville. Nani walikuwa watu hao? Walikuwa wafanyakazi wa sosiete, makarani, mafundi, wachuuzi, walimu. Walikuwa jirani zetu wa kambi. Wengi wao walikuwa wapiga kura wa wabunge ambao viti vyao vilibaki vitupu. Wakasikia njaa na ugonjwa, wakauana wao kwa wao, na mwaka 1962 wakapakiwa katika treni na ndege kupelekwa Kasai, inchi ambayo watoto wao hawakuijua. Mji ulipoteza mikono yake. Mgodi ulipoteza watu wa kazi. Na wale waliobaki walijifunza somo baya sana, kwamba jirani anaweza kuondolewa na maisha yakaendelea.

SIKU BUNGE LILIPOKUMBUKWA

Kuna siku moja tu ambapo wakubwa wa Katanga walilikumbuka bunge lao kwa heshima kubwa. Tarehe 21 Desemba 1961, baada ya vita katika mitaa ya Elisabethville, Tshombe alikutana na waziri mkuu Cyrille Adoula kule Kitona. Akatia sahihi karatasi yenye mambo 8, kwamba anakubali Kongo moja, na rais mmoja, na bunge moja la inchi. Alipofika nyumbani akasema: mimi peke yangu siwezi kuifunga Katanga, lazima bunge likubali.

Angalieni, wandugu! Katika Julai 1960, kujitenga hakukungoja bunge. Radio ilitosha. Katika Desemba 1961, kurudi katika inchi moja hakuwezi kufanyika bila bunge. Mtu anapotaka kuvunja mkataba, ghafula anakumbuka kwamba ana mjomba wa kuulizwa. Bunge likaongea Januari, likaongea Februari, na katikati ya Februari 1962 likatoa neno lake: karatasi ya Kitona inaweza kuwa msingi wa maongezi. Msingi wa maongezi! Watu walikuwa wamekufa, watu walikuwa katika magunia, na bunge likatoa jibu ambalo si ndiyo wala si hapana. Ndivyo walivyohitaji wakubwa, wapate muda. Na muda huo ulilipwa na nani? Ulilipwa na sisi, mwaka mzima mwingine, kwa maisha ya watu.

Mwisho unajulikana. Askari wa Umoja wa Mataifa wakaendelea. Wakubwa wakakimbilia Kolwezi, wakatisha kulipua migodi na mabwawa ya umeme. Fikirini hilo ninyi wa Kolwezi: baada ya kusema miaka 2 na nusu kwamba wanalinda mali ya Katanga, neno lao la mwisho lilikuwa kuitia baruti. Tarehe 14 Januari 1963 Tshombe alikubali kwamba kujitenga kumekwisha, na wiki moja baadaye askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi. Jimbo likagawanywa vipande 3. Sendwe aliuawa Albertville katika Juni 1964. Mobutu alipotwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, mabunge ya majimbo yalinyang'anywa nguvu, kisha yakafutwa. Na watu hawakulia sana. Kwa nini walie? Hawakuwa wameona bunge la jimbo likiwatetea hata siku moja.

HASARA TULIYOACHIWA

Wasifu wana neno moja bado. Wanasema: angalau feza ilibaki hapa, haikwenda Leopoldville kuliwa.

Sisi pia tunataka feza ya shimo ionekane karibu na shimo. Hatuoni haya kusema hivyo. Mtu anayeishi kando ya lundo la taka za mgodi, na kunywa maji ya mto uliobadilika rangi, ana haki ya kuona kitu. Lakini feza kubaki katika jimbo si sawa na feza kuwafikia watu wa jimbo. Sanduku linaweza kuwa jirani na nyumba yako, na ufunguo wake ukawa mbali kuliko mji mkuu. Ufunguo wa sanduku ni swali la mbunge. Pasipo swali hakuna ufunguo, hata sanduku likae chini ya kitanda chako.

NA SASA?

Mabunge ya majimbo yamerudi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliyaweka tena, na kura zilipigwa mwaka ule. Muhula wake ni miaka 5. Bunge la jimbo linatunga sheria za jimbo, linachagua gavana, linachagua masenata, linakubali bajeti, linaweza kuwaita gavana na mawaziri wake wajibu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa tena, ikawa majimbo 4: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Na sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika kila franka 100 ambazo sosiete inalipa kama haki ya madini, 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za komini, sekta au utawala wa chifu mahali mgodi ulipo, na 10 zinawekwa kwa ajili ya watoto watakaokuja.

Wandugu, 25 na 15 ni 40. Franka 40 katika 100 zina njia ya kurudi karibu na shimo. Baba zetu hawakuwa na sheria ya namna hiyo. Ila sheria ni panga. Likikosa mkono linapata kutu. Mkono ni bunge. Kwa hiyo, badala ya kulilia bunge la 1960, tulishike hili la leo, tulipime kwa yale tuliyojifunza.

Jambo la kwanza. Tuulize siku zote: nani hayupo? Kila mara hesabu ya kikao inapobadilishwa katikati ya mchezo, kila mara mbunge anayeuliza anafungiwa mlango, kila mara gavana anachaguliwa na watu waliokwisha kupangwa usiku, tupige kelele, hata kama aliyefungiwa si mtu wa chama chetu. Hasa kama si mtu wa chama chetu. Leo ni yeye, kesho ni sisi.

Jambo la pili. Tuulize: nani aliitwa kujibu? Mbunge anayetuletea chumvi na vitenge wakati wa kura, tupokee chumvi, kisha tumuulize: katika muhula wako, uliuliza swali gani juu ya zile franka 25? Waziri gani alikaa mbele yako? Karatasi gani ulikataa kuipitisha? Kama hana swali hata moja, basi tulimlipa miaka 5 ili akae kimya.

Jambo la tatu. Tujue zile franka 15. Komini yako, sekta yako, chifu wako, wana haki hiyo kwa sheria. Watu wa mtaa wakutane, wachague wawili watatu wanaojua kusoma hesabu, waende ofisini waombe kuona. Wasiende kama waombaji. Waende kama wenye mali wanaokagua stoo.

Jambo la nne, na hili ni zito. Tulikatae neno la wenyeji wa kweli, kila linaporudi. Lilituponza mwaka 1960. Lilirudi Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993, na tena watu wa Kasai wakalala vituoni mwa treni pamoja na watoto na magodoro yao. Kila wakati ni mwanasiasa aliyeshindwa kujibu juu ya feza, akatuonyesha jirani yetu badala ya hesabu. Mtu akikuambia kwamba umaskini wako umeletwa na jirani yako wa ukuta mmoja, tazama mikono yake: utaona ameshika kitu.

Tumemaliza. Hatukuandika haya ili tuwaaibishe watoto wa wabunge wa zamani. Mtoto hana kesi ya baba yake. Tumeandika ili mtu asitushike sikio kwa hadithi tamu ya bunge lililokuwa na bendera. Bendera inashonwa siku moja. Bunge linajengwa na kiti cha yule usiyempenda, na swali lake, na uvumilivu wako wa kulisikiliza.

Nendeni mkalisome karatasi hili kwa wasiojua kusoma. Lipitisheni kambi kwa kambi, zamu kwa zamu. Na mbunge wenu akija kuwatembelea, kiti apewe, maji apewe. Kisha maswali yaanze.